Breki za Gari la Nyuma

Arlys Stensrud aliketi kwenye kiti cha abiria cha kigari chao kipya, shingo ameiinamisha, macho hayabanduki kwenye pedeli ya breki. Mbele yake, kigari kikiwa kimeungwa nalo kwa chuma cha kuvutia magari, lilisimama gari-nyumba lao: basi zima lenye kitanda, jiko, choo na mapazia aliyoyashona kwa mkono wake. Mumewe Delbert alikuwa humo kwenye usukani. Kazi aliyopewa Arlys ilikuwa moja tu, kuangalia kama boksi la breki ambalo Del alilifunga sakafuni litanyoosha mkono wake wa chuma na kuikanyaga pedeli ya kigari, pindi Del atakapokanyaga breki huko mbele.

Taa za nyuma za gari-nyumba ziliwaka. Mkono ukanyooka, pedeli ikazama. Arlys akatoa mkono dirishani na kuinua kidole gumba, na kupitia kioo cha pembeni akauona uso wa mumewe ukikunjuka kama uso wa mtu aliyetua mzigo. Taa zikazimika, mkono ukarudi. Alishuka akamkumbatia, akamwambia kazi imekwisha, sasa waende wakale.

Huo ulikuwa mwezi wa tatu, huko Quartzsite, kwenye jangwa la Arizona, ambako wazee kutoka majimbo ya baridi hujazana kila kipupwe na magari-nyumba yao. Joto lilikuwa limeanza kuuma na majirani walikuwa wanaondoka mmoja mmoja. Del na Arlys wao walikuwa wanakwenda Boise, jimbo la Idaho, kwa binti yao Renae. Nyumba hawakuwa nayo tena. Waliiuza ile ya Minnesota Del alipostaafu, wakanunua basi, na tangu hapo walihama na majira.

Basi la namna hiyo halikupeleki dukani wala kwa daktari. Ukifika mahali unaliegesha, kisha unatumia gari dogo ulilolivuta. Lakini gari dogo nalo lina uzito wake, na kwenye mteremko linasukuma. Ndiyo maana watu hufunga boksi la breki humo ndani, na pale mbele ya kigari huweka swichi ya dharura yenye pini na kamba ya chuma, ili siku chuma cha kuvutia kikikatika, kamba ivute pini na kigari kijisimamishe chenyewe badala ya kwenda kuua watu. Kigari chao cha zamani kilivunjika gia katikati ya kipupwe, wakapata hiki kingine, na nyaya zote ikabidi zifungwe upya.

Mtu mwingine angempelekea fundi. Del hakutaka hata kusikia. Alikuwa ameunga nyaya za simu tangu ujanani mpaka alipostaafu, akiwa juu ya nguzo kwenye theluji na ndani ya mashimo ya barabarani wakati wa mvua. Kebo ya simu ina nyaya mia na zaidi, nyembamba kama uzi wa kushonea, na kila moja inajulikana kwa rangi yake. Bluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu. Renae alijua kuzitaja kwa mpangilio huo kabla hajajua kuhesabu vizuri, maana baba yake alimfanyia wimbo.

Jirani yao Gaylen Pruitt, mzee wa Nebraska aliyefanya kazi ya umeme wa majumbani, alipita pale mara kadhaa Del akiwa amelala chali chini ya dashibodi ya kigari.

"Bwana Simu, nikushikie tochi?"

"Shika kikombe chako cha kahawa," Del alimjibu kutoka huko chini. "Ndicho unachokiweza."

Gaylen alicheka, Arlys naye akacheka. Lakini aliona kwamba kazi ambayo zamani mumewe angeimaliza kabla ya chakula cha mchana sasa ilikuwa inaingia siku nyingine, na nyingine. Alimwona akikata waya, akiuangalia, kisha akiuunga tena palepale alipoukata. Alimwona amekaa kwenye kizingiti cha gari, koleo mkononi, akitazama mlima kama anayesubiri kuitwa. Alipomuuliza kama kuna shida, Del alisema nyaya za magari ya siku hizi zimetengenezwa na wendawazimu.

Kulikuwa na mambo mengine, na Arlys alikuwa ameyakusanya kimya kimya bila kuyapanga. Del alimwita mke wa Gaylen kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa. Alikwenda kumwaga maji machafu ya basi akarudi na tangi limejaa vilevile, akaapa kwamba amemwaga. Kila mara Arlys aliligeuza likawa mzaha, na Del mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka. Kwa watu wa umri wao, nani hasahau?

Kwa hiyo siku ile mkono wa chuma ulipoikanyaga pedeli, furaha ya Arlys haikuwa ya breki peke yake. Alijiambia, unaona, bado yupo. Hakujiuliza zile zilizowaka ni taa zipi. Alidhani zile ni taa za breki.

Waliondoka asubuhi, hewa ikiwa bado baridi. Mpaka Wickenburg mambo yalikuwa shwari. Del aliendesha kama alivyoendesha siku zote, mkono mmoja chini ya usukani, akipiga mluzi. Walipokata kaskazini kuelekea Kingman walikuta kibao kinachowataka madereva wawashe taa hata mchana, kwa kuwa barabara pale ni nyembamba na ajali ni nyingi. Del akawasha.

Kwenye dashibodi ya basi kulikuwa na taa ndogo ya manjano iliyounganishwa na breki ya kigari. Ikawaka, na haikuzimika.

Arlys aliitazama kwa muda. Kisha akasema kwamba kwenye gari la zamani taa ile ilikuwa inawaka Del akikanyaga breki tu, halafu inazimika.

"Lile lilikuwa boksi jingine, Mama," Del alisema. Alizoea kumwita Mama, kama baba yake alivyomwita mama yake shambani. "Hii inakuonyesha kwamba lipo hai."

"Una hakika?"

"Nani kaunga hizi nyaya, mimi au wewe?"

Arlys akageuka kutazama barabara. Baadaye, maneno aliyokuja kuyarudia kichwani kuliko yote hayakuwa ya Del. Yalikuwa yale ambayo yeye hakuyasema pale.

Walianza kupanda. Injini ikawa nzito, basi likahema, na Del akalalamika kwamba upepo unawapiga usoni. Vichaka nje vilikuwa vimetulia. Arlys alisikia harufu ya kitu kinachoungua akadhani ni lori lililowatangulia. Kisha lori jingine likawafuata kwa karibu, likimulika taa na kupiga honi mfululizo. Del alikasirika, akasema mjinga huyo apite kama ana haraka. Arlys akaegemea dirishani atazame kwenye kioo cha upande wake. Nyuma yao moshi mweusi ulikuwa umeifunika barabara, na chini ya moshi, kwenye gurudumu la kigari, kulikuwa na moto.

Alimwambia Del asimame. Ilibidi amwambie mara ya pili, amshike bega, ndipo akatoka barabarani na kusimama.

Mambo ya pale Arlys aliyakumbuka vipande vipande. Dereva wa lori alishuka akikimbia, kijana mwenye ndevu na kilemba cha rangi ya zambarau, jina lake, walikuja kulijua baadaye, Gurtej. Del alikuwa ameshautoa mtungi wa kuzimia moto, lakini alikuwa ameushika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu. Aliugeuza upande huu, akaugeuza upande ule. Pini ya kuvuta ilikuwa pale mbele ya macho yake. Gurtej aliuchukua mikononi mwake kwa upole, akasema, "Samahani, baba," akaenda kupuliza. Moto ulipungua kisha ukainuka upya, kwani tairi lilikuwa limeshika, na la pili likafuata.

"Mama, tukate hili gari," Gurtej alisema. "Likiendelea hivi litachoma na nyumba yenu."

Arlys alipiga magoti kwenye kokoto. Kuondoa pini za chuma cha kuvutia alikujua, ilikuwa kazi yake kila walipofika kambini. Ya kwanza ilitoka. Ya pili ilibanwa na uzito akaipiga kwa jiwe hadi ikaruka. Gurtej akachomoa kebo ya taa. Kisha akauliza nani ataliondoa basi, kwa kuwa yeye anarudi kwenye moto.

Arlys alimtazama mumewe. Del alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara, mikono imening'inia, akitazama moto kwa uso mtulivu usiokuwa na chochote ndani yake.

Tangu walinunue, Arlys hakuwahi kuliendesha basi lile hata kwa urefu wake lenyewe. Del alisema ni kubwa mno kwake, na yeye alikubali, maana kukubali kulikuwa rahisi. Sasa alipanda, akaketi kwenye kiti kilichokuwa bado na joto la mumewe. Alisukuma kitufe cha breki za maegesho kama alivyomwona Del akifanya miaka yote, hewa ikapiga mluzi, akakanyaga mafuta. Basi likaruka mbele. Nyuma ile kamba ya swichi ya dharura ilikazika, ikang'oa pini yake, na kigari kikabaki pale kimejifunga breki, kinaungua peke yake. Akaenda mpaka akaona ni mbali, akasimama.

Moto uliingia kwenye nyasi kavu za kando ya barabara kabla wazimamoto hawajafika. Hakuumia mtu. Kigari kiliisha chote, na ndani yake albamu ya picha ambayo Arlys alikuwa anampelekea Renae.

Arlys hakuthubutu kuushika tena usukani, wakavutwa hadi kwenye kambi moja ya magari-nyumba nje ya Kingman. Del sasa alikuwa amechangamka, na hilo lilimtisha Arlys kuliko ule ukimya. Alimweleza kila aliyesimama kusikiliza kwamba boksi lilikuwa bovu, kwamba siku hizi watu wanauza takataka, na kwamba yeye atawaandikia wenye kiwanda barua ambayo hawataisahau. Alieleza vizuri kabisa. Ukimsikiliza ungemwamini.

Gaylen alikuja kutoka Quartzsite na mkewe Twyla, wakiwa na supu na mkate wa ndizi. Wakati Twyla anampakulia Del, Gaylen alikwenda nyuma ya basi kutazama kebo ya taa, maana upande wa basi haukuungua. Kisha akaenda uani kwa mvutaji wa magari, kwenye mabaki ya kigari. Nyaya nyingi zilikuwa zimeyeyuka, lakini ile swichi ya mbele na kipande cha kebo kilichokuwa chini ya bampa vilisalimika. Aliporudi alimwita Arlys nje, nyuma ya matangi ya gesi, na kwa mara ya kwanza tangu amjue hakuwa na mzaha mdomoni.

Alimwambia kwamba waya unaopeleka habari ya breki kwenye boksi ni mwekundu. Del alikuwa ameuacha mwekundu ukining'inia, ameukunja vizuri na kuufunga utepe, na badala yake ameunga ule wa kahawia. Wa kahawia ni wa taa za nyuma. Mchana, taa zikiwa zimezimwa, kigari hakikuwa na breki hata kidogo. Taa zilipowashwa, boksi lilikanyaga breki na halikuachia.

"Kwa hiyo siku ile alipojaribu," Arlys alisema, "alikuwa ameniwashia taa, hakukanyaga breki."

"Alikuwa amewasha taa."

"Na mimi nikamwambia iko sawa."

"Ungejuaje, Arlys? Mimi mwenyewe nilipita pale nikacheka."

Arlys akamwomba asimwambie Del. Gaylen alisema hatamwambia, lakini akamshika mkono na kuongeza kwamba kazi yenyewe ilikuwa safi, lehemu nzuri, utepe umezungushwa kama wa kiwandani. Haikuwa kazi ya mtu mzembe. Na hilo ndilo lililomfadhaisha.

Usiku ule na siku zilizofuata Arlys alishikilia jambo moja: macho. Nyekundu na kahawia zinakaribiana, chini ya dashibodi kuna giza, na mzee wa miaka ile anaweza kuwa na mtoto wa jicho bila kujua. Aliomba iwe macho. Hakuwahi kuomba kitu kwa nguvu vile, hata Renae alipozaliwa kabla ya wakati. Macho yanatibika, yanasafishwa asubuhi na jioni mtu yuko nyumbani na kitambaa usoni.

Del alikwenda kwa daktari wa macho akinung'unika, akamtania muuguzi, akasoma herufi mpaka mstari wa karibu na chini. Daktari, mwanamke kijana, alimwekea kurasa za madoadoa ya rangi. Akazisoma zote. Nyekundu, kahawia, kijani, yote. Daktari akamgeukia Arlys kwa furaha, akamwambia mume wake ana macho ambayo wengi wa rika lake wangeyatamani.

Arlys alimshukuru. Alikwenda chooni, akafungua bomba, akalia huku maji yanamwagika.

Kwenye maegesho hakuweza kujizuia. Alimuuliza Del, waya wa breki ni wa rangi gani?

"Mwekundu," Del alisema, akifunga mkanda. "Kila mtu anajua hilo. Mbona unaniuliza?"

"Na wa kahawia?"

"Taa za nyuma. Mama, unataka kuanza ufundi?"

Alikuwa anajua. Hapo ndipo Arlys alipoelewa kwamba hakuna kitu atakachomfundisha wala kumkumbusha. Elimu yote ilikuwamo bado, nzima, imepangwa. Kilichokatika kilikuwa kati ya kichwa na mkono, mahali ambapo hakuna koleo linalofika.

Daktari wa pili alichukua muda mrefu zaidi. Alimuuliza maswali, akampa vitu vya kukumbuka, akampeleka kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo. Kisha akaeleza, taratibu, kwa maneno ambayo Arlys alikuwa ameshayasikia yakisemwa juu ya waume wa watu wengine. La mwisho lilikuwa kwamba Del asiendeshe tena, si basi, si gari dogo.

Del alisikiliza kwa adabu, akampa daktari mkono. Walipofika kambini alisema yule daktari mtoto hajui kitu, akadai funguo. Arlys alikuwa ameziweka kwenye sidiria yake.

"Nipe funguo, Arlys."

Akiita jina lake, basi amekasirika kweli. Arlys akasema hapana. Hakuwahi kumwambia hapana ya namna ile, kavu, isiyokuwa na neno la kuipamba.

"Ni Gaylen," Del alisema. "Ni Gaylen aliyekutia maneno. Nilimwona akichokora nyaya zangu. Watu wananionea wivu, na wewe mke wangu unawasaidia."

"Gaylen hakunitia kitu. Del, uliunga wa kahawia."

Hakukusudia kusema. Lilitoka. Del alimtazama, na Arlys aliona neno lile likiingia, likashuka, likafika. Mzee yule aliketi kitandani. Aliuliza kama kuna mtu aliumia. Arlys akamwambia hakuna. Akauliza tena, na Arlys akamjibu tena. Kisha Del akafunika uso, akasema kwa sauti ndogo kwamba alijua kuna kitu, alijua pale chini ya dashibodi, kila alipoinua mkono aliona kama ni mkono wa mtu mwingine, na aliona haya kumwambia.

Kesho yake alikuwa amesahau mazungumzo yale yote, akadai funguo upya. Arlys hakurudia kumwambia habari ya waya. Mara moja ilitosha.

Renae alitaka kupanda ndege aje awachukue, basi liuzwe hukohuko Kingman. Arlys alikataa. Basi ndilo lililokuwa nyumba yao, na Del alikuwa anajua kila kitu kilipo humo, hata gizani. Ukimtoa humo utamtia wapi? Akamwambia binti yake watafika wenyewe.

Gaylen alimfundisha kuendesha kwenye uwanja mtupu wa maonyesho nje ya mji. Arlys alikata kona akaangusha pipa la taka, akalia, akarudia. Twyla alikaa na Del wakicheza karata, na Del alimshinda, maana kwenye karata alikuwa bado mkali. Wakapata kigari kingine, cha zamani zaidi. Arlys akamwambia Gaylen kwamba boksi la breki atalifunga yeye, yeye Gaylen amwangalie tu.

"Kwa nini ujitese?"

"Kwa sababu nikiwa njiani nataka nijue kilichomo. Safari hii sitaki kuambiwa."

Akalala chali chini ya dashibodi, nywele zake za mvi kwenye zulia lenye mchanga. Alipitisha nyaya, akaweka fyuzi, akafunga swichi ya dharura mbele na kuikaza bolti zake mpaka kiganja kikamuuma. Del alikuja akasimama mlangoni mwa kigari. Arlys alimpa utepe amshikie. Akaushika, na kila alipoombwa akakata kipande kwa urefu uleule, sawasawa, kisha akauliza hili ni gari la nani. Alipoambiwa ni lao, alisema ni zuri, na fundi huyu anaonekana anajua kazi.

Walipojaribu, Arlys aliwasha taa tu kwanza. Gaylen akapaza sauti kutoka kwenye kigari kwamba mkono umetulia. Arlys akakanyaga breki. Umenyooka. Akaachia. Umerudi. Akavuta pini ya dharura kwa mkono wake mwenyewe na kuangalia pedeli ikizama. Alirudia yote tangu mwanzo, kisha tena, hadi Gaylen akamwambia betri nayo ina haki ya kupumzika.

Waliondoka Kingman wakiwa wawili. Arlys aliendesha polepole, akijiepusha na miji. Del aliketi kwenye kiti cha abiria na ramani magotini, mara nyingine akisoma vibao kwa sauti, mara nyingine akimwelekeza akunje kushoto mahali ambapo hapakuwa na barabara. Katika Nevada kuna nyika ndefu ambazo mtu haoni hata paa, na huko Del alikuwa mtulivu kabisa, karibu kama zamani, akamsimulia Arlys habari za dhoruba fulani ya barafu iliyoangusha nguzo zote za wilaya. Arlys aliijua hadithi ile. Aliisikiliza yote.

Juu ya mlima mmoja karibu na mpaka wa Idaho alisimama kukagua magurudumu. Alifanya hivyo kila baada ya mlima, kushuka na kuweka kiganja karibu na kila gurudumu la kigari kusikia kama lina moto. Upepo ulikuwa mkali na theluji ilikuwa bado imebaki kwenye vivuli. Magurudumu yalikuwa baridi. Alirudi mbele, akakuta mlango umefungwa kwa ndani.

Akagonga. Uso wa Del ukatokea dirishani, umemkazia macho.

"Del, nifungulie."

"Huwezi kuingia," Del alisema kupitia kioo, kwa adabu. "Mke wangu ameshuka kukagua magari. Atarudi sasa hivi. Msubiri hapo."

"Ni mimi, Del. Ni Arlys."

"Arlys yuko nyuma," Del alisema, akaonyesha kwa kidole. "Nenda kamwulize yeye. Mimi siwezi kumfungulia mtu nisiyemjua."

Malori yalipita, yakilitikisa basi. Arlys alisimama na mikono kwapani. Funguo za gari alikuwa nazo, za mlango zilikuwa ndani. Alifikiri kuvunja dirisha. Alifikiri kumpigia simu Renae, lakini simu pia ilikuwa ndani. Alimwangalia mumewe aliyekuwa anailinda nyumba yao dhidi yake, mabega yameinuka, taya limekaza, tayari kupigana na mtu yeyote kwa ajili ya mkewe, na hakujua kama ampende kwa hilo au akae chini barabarani apige mayowe.

"Basi nitamsubiri," alisema mwishowe. Akaketi kwenye ngazi ya chuma, mgongo kwenye mlango.

Alikaa mpaka vidole vikafa ganzi. Alisikia hatua za Del zikienda na kurudi ndani, kabati likifunguliwa, maji yakimiminwa. Kisha kitasa kikalia nyuma yake na mlango ukafunguka.

"Mama, unafanya nini huko nje na baridi hii?" Del aliuliza. "Magurudumu vipi?"

"Yako sawa."

"Breki haziburuzi?"

"Haziburuzi."

Alimpa mkono akamvuta ndani. Arlys alisimama kidogo mbele ya hita, akipasha viganja. Alichukua funguo za mlango kutoka kwenye ndoano, akazitunga kwenye uzi wa viatu na kuuvaa shingoni, ndani ya sweta. Del alikuwa amekwishafunga mkanda wake, ramani iko magotini, juu chini. Arlys akaketi, akatazama kwenye vioo kulia na kushoto, akaliingiza basi barabarani. Mbele yao kulikuwa na mteremko mrefu hadi bondeni, akaushuka kwa gia ya chini.